Anza na Vifungo: Kwa Unayetaka Kuingia Kwenye Mipango ya Ulezi wa Programu Huria

Kila mwaka, kuanzia Januari hivi, magrupu yetu ya WhatsApp hupokea ujumbe wa aina moja: kuna mipango ya kimataifa inayowapa vijana posho ili watengeneze programu za kompyuta wakiwa huku huku kwao, chini ya mlezi. Ujumbe unasambazwa, watu wanaweka alama za moto na mikono ya dua. Mwezi mmoja baadaye ukiuliza nani ameomba, kimya. Wachache watakuambia walifungua ukurasa, wakaona maneno mengi, wakafunga. Wengine walianza vizuri kabisa wakapotelea njiani.

Mimi nasoma Ualimu, si Sayansi ya Kompyuta. Mwaka jana nilipita kwenye mchakato huu mpaka mwisho, nikafanya miezi mitatu kwenye mradi wa programu ya kujifunzia. Tangu hapo nimekuwa nikikutana na wenzangu kila Jumamosi tukiandaana kwa awamu zinazofuata. Katika kukaa nao nimeona jambo moja ambalo sijalisikia kwenye semina yoyote. Wengi wanaoshindwa hapa chuoni hawashindwi kwa kutojua kuandika msimbo. Wanashindwa kwa sababu darasa limetuzoesha kwa miaka kumi na sita kuficha kazi mpaka ikamilike, kufunika karatasi kwa kiwiko ili jirani asione. Mipango hii inamtafuta mtu anayeonyesha kazi yake ikiwa bado mbichi. Kwa hiyo somo la leo ni namna ya kuiacha tabia hiyo, hatua kwa hatua.

Kwanza, tunaingia kwenye nini?

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza, mradi afuate masharti ya leseni yake. Anayeutunza anaweza kuwa kampuni, taasisi au watu wa kujitolea waliotawanyika duniani.

Usidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye miaka 21, alitangaza kwenye intaneti kwamba anaandika mfumo endeshi wa kujifurahisha tu, akaomba maoni. Kazi hiyo ikawa Linux, na leo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android uliyoishika. Moodle, ambayo vyuo vingi hutumia kuweka notisi na kupokea kazi za wanafunzi, ilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, aliyekuwa akifanya utafiti wa uzamivu katika elimu. Yaani mojawapo ya programu kubwa za kufundishia duniani ilitokana na maswali ya kialimu.

Kwetu pia yapo. OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, wazo lake lilianzia Eldoret nchini Kenya mwaka 2004, madaktari wa huko na wenzao wa Indiana, Marekani, walipotafuta namna ya kufuatilia wagonjwa wengi wa VVU. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice inayozungumza Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo iliwabidi kukaa chini na kuamua neno moja moja: hiki tukiiteje, kile tukiiteje. Kwa hiyo ukijiunga leo hutakuwa mgeni kwenye nyumba ya watu. Wapo waliokutangulia.

Mipango miwili ya kuijua

Ipo mingi, ila miwili ndiyo inayosikika zaidi.

Wa kwanza ni Google Summer of Code, ulioanza mwaka 2005. Zamani ulikuwa wa wanafunzi pekee. Tangu 2022 umefunguliwa kwa wengine pia, alimradi umetimiza miaka 18 na bado ni mgeni katika programu huria. Kwanza hutangazwa miradi itakayopokea watu, kwa kawaida Februari. Unachagua mradi, unazungumza na walezi wake, unaandika andiko la kazi unayotaka kufanya, na unaruhusiwa kutuma maandiko yasiyozidi matatu. Kazi zina ukubwa tofauti: masaa 90, 175 au 350. Posho hutegemea ukubwa wa kazi na nchi unayoishi.

Wa pili ni Outreachy, ambao mizizi yake ilianzia kwenye mradi wa GNOME mwaka 2006. Huu unawalenga watu wa makundi yaliyo machache au yanayobaguliwa kwenye fani ya teknolojia katika nchi zao. Umekuwa ukifanyika mara mbili kwa mwaka, miezi mitatu kila awamu, masaa 30 kwa wiki, na posho yake imekuwa dola 7,000 za Marekani. Hauhitaji CV wala usaili. Unajibu maswali ya awali kuhusu maisha yako na nafasi ya watu kama wewe kwenye teknolojia. Ukipita unapewa karibu mwezi mzima wa kuchangia kwenye mradi kabla hawajachagua, na hao wanachagua kwa kuangalia michango hiyo.

Tarehe na masharti hubadilika, hivyo soma ukurasa rasmi wa mwaka husika, usitegemee picha iliyokatwa na kurushwa kwenye grupu. Jambo lingine: mipango hii miwili haitozi ada ya kuomba hata senti moja. Akitokea mtu anakuambia ana "konekisheni" na anataka elfu hamsini ya fomu, huyo ni tapeli, mkimbie.

Umeona linalofanana kwenye yote miwili? Kabla ya kuchaguliwa unatakiwa uonekane. Mlezi hana GPA yako, hajui chuo chako kina hadhi gani, wala hajui baba yako ni nani. Anachokiona ni maswali uliyouliza, marekebisho uliyotuma na jinsi ulivyojibu ulipokosolewa.

Somo la fundi cherehani

Kwenye misingi ya elimu tunasoma habari za Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti miongoni mwa mafundi cherehani wa Liberia miaka ya 1970. Mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger walitoa kitabu kuhusu kujifunza kwa kushiriki, na mafundi wale ni mmoja wa mifano yao.

Lave aliona kwamba mwanafunzi wa ufundi haanzi na kukata kitambaa, ingawa kukata ndiyo hatua ya kwanza ya kutengeneza nguo. Anaanza mwishoni: anashona vifungo, anakunja pindo. Baadaye ndipo anaunganisha vipande. Kukata kunakuja mwisho kabisa. Sababu ni ya kawaida. Kifungo kikikaa vibaya kinafumuliwa, lakini kitambaa cha mteja kikikatwa vibaya ni hasara. Kubwa zaidi ni kwamba anayeshona vifungo anashika nguo iliyokamilika mara mia. Siku atakapopewa mkasi anajua kila kipande kinaelekea wapi.

Programu huria zinajifunzwa hivyo hivyo. Shida yetu ni kwamba wengi tunataka kushika mkasi siku ya kwanza. Mtu anajiunga na mradi leo, kesho anataka kuongeza kipengele kipya kikubwa ili mlezi aone kwamba "huyu jamaa ni noma". Anajifungia chumbani wiki tatu. Anapoibuka na mistari elfu mbili ya msimbo anaambiwa kipengele hicho hakihitajiki, au kuna mtu anakifanya tayari. Wiki tatu zimeisha na mlezi hamjui hata jina.

Basi vifungo ni vipi? Ni hivi:

Maelekezo ya kusakinisha programu yaliyopitwa na wakati. Viungo vilivyokufa kwenye nyaraka. Ujumbe wa kosa usioeleweka. Tafsiri ya Kiswahili iliyoachwa nusu. Jaribio dogo la msimbo ambalo halijaandikwa. Hitilafu ambayo mtu ameiripoti lakini hakuna aliyethibitisha kama bado ipo. Miradi mingi huweka alama maalumu kwenye kazi zinazomfaa mgeni, zitafute hizo kwanza.

Kwa wenzangu wa Ualimu, Lugha na Sayansi ya Jamii, msiogope. Kueleza jambo gumu kwa lugha nyepesi ndiyo taaluma yenu, na miradi mingi ina njaa ya watu wa namna hiyo. Mchango wangu wa kwanza ulikuwa aya nne za maelekezo kwa mwalimu anayeifungua programu kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na msimbo ndani yake, lakini kwa kuandika aya zile ilinibidi nibonyeze kila kitufe, na hapo ndipo nilipoijua programu ile ilivyo.

Wiki ya kwanza: sakinisha na uandike

Chagua mradi mmoja, ukizidisha miwili. Uwe mradi ambao wewe mwenyewe ungeweza kuutumia au unamjua anayeutumia, maana hamu ikikauka ndiyo itakayokushika. Soma faili la README na mwongozo wa wachangiaji mpaka mwisho. Kisha isakinishe programu kwenye kompyuta yako huku una daftari pembeni. Kila unapokwama, andika: nilifanya nini, nilitarajia nini, nimepata nini.

Daftari hilo ni mali. Mgeni pekee ndiye anayeona mlango ulipojificha. Mwenyeji alishasahau kwamba kuna mlango. Sehemu tatu ulizokwamia kwenye maelekezo zinaweza kuwa michango yako mitatu ya mwanzo.

Utahitaji kujua Git, chombo ambacho Torvalds huyo huyo alikiandika mwaka 2005 ili kutunza mabadiliko ya Linux. Huhitaji kukijua chote. Jua kunakili mradi, kufungua tawi lako, kuhifadhi badiliko pamoja na maelezo yake, kulituma, na kuomba liunganishwe. Hayo matano yanatosha kwa mwezi wa kwanza.

Kuhusu bando: miradi mingine ni mizito. Ukitumia amri ya git clone ukaongezea --depth 1, utashusha hali ya sasa ya mradi bila historia yake yote ya miaka. Inaokoa MB nyingi. Kazi nzito za kushusha fanyia kwenye Wi-Fi ya maktaba, kisha endelea ukiwa hosteli bila intaneti. Git inakuruhusu kuhifadhi kazi hata kama hauko hewani.

Jinsi ya kuuliza

Hapa ndipo malezi yetu yanapogongana na utaratibu wa huko, na lazima tuzungumze waziwazi.

Sisi tumefundishwa kubisha hodi. Unasalimia, unasubiri uitikiwe, unauliza hali, ndipo unaeleza kilichokuleta. Ni adabu nzuri na sitaki tuipoteze. Lakini ukimwandikia mlezi aliye Brazil au India "Habari?" peke yake, halafu ukasubiri, atakuja kuiona baada ya masaa saba ukiwa umelala. Atajibu "Nzuri, nikusaidie nini?" Utaiona asubuhi, naye amelala. Siku mbili zimekwisha kwa salamu. Kwa hiyo salimia na utoe shida yako kwenye ujumbe huo huo. Hodi na maneno viingie pamoja.

La pili ni kuuliza hadharani. Wengi wetu tunakimbilia ujumbe wa faragha kwa mlezi, tukiamini ndiyo heshima, na pia ili wengine wasituone hatujui. Kwenye programu huria, swali linaulizwa kwenye uwanja wa wote. Ukimfuata mtu mmoja pembeni unamtwisha mzigo yeye peke yake, na jibu lake linawafaidia wawili tu. Ukiuliza uwanjani, anajibu yeyote aliye macho, na mgeni wa mwezi ujao atalikuta jibu pale pale.

Tatu, swali lenyewe. Linganisha haya mawili, hata kama huko utayaandika kwa Kiingereza:

"Samahani mkuu, programu haifanyi kazi, naomba msaada."

"Habari zenu. Nafuata maelekezo ya kusakinisha kwenye Ubuntu 22.04. Hatua ya nne inanipa kosa hili (nimelinakili hapa chini). Nimejaribu kufuta na kuanza upya, na nimesoma tatizo kama hili lililoripotiwa mwaka jana, lakini suluhisho lake halikunisaidia. Je, kuna toleo maalumu la Python linalotakiwa?"

Swali la pili mtu anaweza kulijibu kwa mstari mmoja. Halafu linasema mengi juu ya muulizaji: anasoma, anajaribu, anaheshimu muda wa watu. Sisi walimu wanafunzi tunajua kwamba swali zuri ni ushahidi wa kufikiri. Huko ni ushahidi unaohesabiwa.

Na Kiingereza? Andika sentensi fupi. Hakuna anayesahihisha sarufi yako. Wengi utakaokutana nao nao wamejifunza Kiingereza darasani kama wewe. Waite kwa majina yao ya kwanza kama wanavyoitana. "Mkuu" na "sir" zinawashangaza tu.

Jambo dogo la saa. Vikao hutangazwa kwa saa za UTC, na sisi tuko mbele masaa matatu. Kikao cha 15:00 UTC ni 18:00 kwetu, yaani saa kumi na mbili jioni. Njia ya mkato kwa saa za Kiswahili: toa tatu. Cha 12:00 UTC ni saa tisa alasiri. Cha 18:00 ukitoa tatu unapata kumi na tano, ondoa kumi na mbili, ni saa tatu usiku.

Wino mwekundu

Ukituma kazi, itapitiwa. Mtu ataisoma mstari kwa mstari na kuacha maoni: badilisha jina hili, hapa rahisisha, hapa ongeza jaribio. Hatua hii imewaondoa wengi kuliko hatua nyingine yoyote niliyoiona.

Nina rafiki anayesoma Sayansi ya Kompyuta. Kwa uwezo ananizidi mbali, na mimi hujifunza kwake. Alituma kazi yake ya kwanza kwenye mradi mmoja, ikarudi na maoni kumi na saba. Hakujibu hata moja. Nilipomuuliza alisema, "Wameshaona sijui kitu. Ningejibu nini?" Mwaliko wa kurekebisha ulikaa pale mpaka muda wa kuomba ukapita. Dada yake anasoma kidato cha tano na ada yake ilikuwa inategemea yeye apate chochote cha kuingiza mwaka ule. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu maoni ya kazi, nawaza ada ile.

Kosa si la rafiki yangu peke yake. Tangu shule ya msingi, wino mwekundu umekuwa na maana moja kwetu: hukumu. Daftari likirudi limejaa wino mwekundu, unalifunga haraka na kulisukumia chini ya dawati. Hakuna mwalimu aliyetuambia turudishe sentensi ile ile ikiwa imerekebishwa, kisha tuirudishe tena. Kazi ilifanywa mara moja, ikapewa alama, ikaisha.

Maoni ya mlezi ni kitu kingine. Mtu aliyejitolea nusu saa yake kukuandikia maoni kumi na saba ameona kazi yako inastahili kuingia. Kazi asiyoitaka angeifunga kwa sentensi moja. Hata watunzaji wenye uzoefu wa miaka kumi hupitiwa kazi zao hivyo hivyo, na unaweza kuyasoma maoni yao kwa kuwa yako wazi. Fanya hivyo kabla hujatuma ya kwako. Chagua kazi tano zilizokubaliwa, usome mazungumzo yake yote. Utaona wakubwa nao wakiambiwa "hapa umekosea" na wakijibu "kweli, nimerekebisha".

Yakija maoni kwako, jibu ndani ya siku moja hata kama hujamaliza: "Asante, nimeyaona, nitayafanyia kazi kesho jioni." Yarekebishe moja baada ya jingine. Usipoelewa, uliza. Usipokubaliana, eleza sababu kwa utulivu. Hilo linaruhusiwa, na mara nyingine utakuwa wewe ndiye uliye sahihi.

Desa na akili unde

Hapa chuoni kudesa tunakujua. Kwenye programu huria kunakili kunaruhusiwa na leseni, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kila kitu ni ruksa. Hapana. Unaponakili, unaeleza umetoa wapi na unafuata leseni ya ulikotoa. Uwazi unafanya kazi pande zote mbili: historia ya mradi inaonyesha nani alifanya nini, na siku gani.

Akili unde ina kanuni hiyo hiyo. Baadhi ya miradi inairuhusu, mingine imeikataza, hivyo soma masharti ya mradi wako. Ila hata inaporuhusiwa, usitume mstari ambao huwezi kuueleza. Mlezi atakuuliza kwa nini umetumia njia hii na si ile. Ukirudi kuiuliza mashine kisha ukaleta jibu lake kama lilivyo, anajua. Na andiko la mradi lililoandikwa na mashine linafanana na maandiko mengine mia yaliyoandikwa na mashine hiyo hiyo.

Usitume pia vitu vya kujaza hesabu. Oktoba 2020, wakati wa Hacktoberfest, ambapo wakati ule watu walipewa fulana kwa kuchangia, miradi mingi ilifurikwa na maombi ya kubadilisha neno moja lisilo na maana. Watunzaji walichoka, na waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni ili mradi uhusike pale tu unapojiandikisha wenyewe. Kifungo unachoshona kiwe kwenye nguo inayohitaji kifungo.

Andiko na kalenda

Ukishakuwa na michango miwili mitatu, andiko la mradi linakuwa jepesi kwa sababu unaandika kuhusu kitu unachokijua. Eleza tatizo ni nini na linamsumbua nani. Eleza utafanya nini wiki kwa wiki. Eleza nini kitakuwa kimekamilika katikati ya kipindi, maana Google Summer of Code ina tathmini ya katikati na ya mwisho. Ambatisha viungo vya michango yako. Mpe mlezi rasimu mapema, wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho ikiwezekana, atoe maoni. Ndiyo, ikiwa bado mbichi.

Sasa hesabu muda wako kwa ukweli. Masaa 175 kwa wiki 12 ni karibu masaa 15 kwa wiki. Masaa 350 kwa wiki hizo ni karibu 29. Weka mezani kalenda ya chuo: UE ni lini, na kwa sisi walimu, mazoezi ya kufundisha ni lini. Ukiwa kwenye mazoezi, shuleni unaingia asubuhi, unaandaa maazimio ya kazi na maandalio ya somo, unasahihisha madaftari sitini. Masaa 29 juu ya hayo huyapati, na kama shule iko mbali na umeme wa uhakika ndiyo kabisa. Ukiona tarehe zinagongana, chagua kazi ndogo, subiri awamu nyingine, au mwambie mlezi tangu mwanzo kwenye andiko: "Wiki hizi mbili nina mitihani, nitafidia hivi." Walezi wanaelewa mitihani. Wasichoelewa ni mtu kunyamaza.

Mwisho, karatasi zako. Jina kwenye kitambulisho, kwenye maombi na kwenye akaunti ya benki liwe moja, kwa mpangilio mmoja. Kama cheti kina majina matatu na NIDA ina mawili, shughulikia sasa, si siku ya posho.

Ukikosa je?

Wengi watakosa, nafasi ni chache na dunia ni kubwa. Ila angalia unabaki na nini. Michango yako iko pale kwa jina lako, inaonekana na mwajiri yeyote. Mradi unakujua, na awamu ijayo utaingia kama mwenyeji. Kwenye kikundi chetu wapo wawili waliokosa na bado wanachangia, mmoja ameshaanza kupitia kazi za wageni wapya. Amefika kwenye kushona mikono ya nguo, kama wangesema mafundi wale.

Kwa anayesoma hapa na anataka kuanza, kazi ya nyumbani ni hii. Wiki hii chagua mradi mmoja. Isakinishe programu yake ukiwa na daftari. Kabla ya Jumapili uliza swali moja kwenye uwanja wao wa wote, kwa jina lako halisi, likiwa na hatua ulizojaribu. Litakutetemesha mikono kidogo. Lipeleke hivyo hivyo.